Chupa Tatu za Chepkoech

Nairobi
4 Oktoba 1987

Dada yangu Jepkosgei,

Majibu ya damu yametoka. Sitakuzungusha, maana tangu tumzike ndugu yetu Jackson mmezungushwa na kila mwenye mdomo. Shemasi alisema ni pombe, na Jackson hakuwahi kuonja hata busaa. Wazee wakasema ni jicho la mtu. Yule karani wa chifu akanong'ona kuwa ni ukimwi, tena akanong'ona kwa sauti ya kufika barabarani, jeneza likiwa bado juu ya ardhi. Nilimjibu pale pale na najua uliona aibu. Sijutii.

Jackson alikufa kwa saratani ya ini, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Saratani hiyo ililetwa na kijidudu cha homa ya ini, kinachokaa ndani ya damu kimya kimya miaka ishirini, thelathini, bila mtu kuumwa hata kichwa. Haya si maneno yangu, ni ya Daktari Kiarie aliyemtibu hapa Nairobi hadi mwisho, na ndiye aliyesisitiza sote tupimwe.

Mimi sina. Mume wako Kipngetich aliwahi kukipata ukubwani, mwili wake ukakifukuza. Wewe unacho. Binti yako Chepkorir anacho pia, na miaka yake kumi na mmoja.

Nilimuuliza Kiarie kimeingiaje kwetu. Badala ya kunijibu akaniuliza, "Mama yenu alipokufa, nani alimlea Jackson? Nani alimtafunia nyama?" Nikamwambia ni wewe, ukiwa na miaka kumi na mmoja, naye ana minne. Akauliza, "Na kunyoa?" Nikakumbuka zile Jumamosi. Nikija likizo kutoka bweni la misheni nawakuta nyuma ya jikoni mnanyoana, wembe mmoja, kichwa baada ya kichwa, watoto wa nyumba nzima na wa jirani. Damu ikitoka unaifuta kwa kidole na kuendelea. Mimi nilinyolewa na kinyozi wa shule. Ndiyo tofauti yangu na Jackson. Si akili, si maombi ya mtu yeyote. Ni kinyozi.

Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili hukishinda. Mtoto mdogo hawezi, kinabaki naye. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, na watoto hupeana wao kwa wao kwa vidonda, nyembe na miswaki. Nani ametuambia? Tunayo redio inayotusomea kila saa nani amefungua choo cha shule gani, na hakuna dakika moja ya kumwambia mama abadilishe wembe.

Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu najua hakuna mwingine atakayekuandikia.

Kaka yako,
Bethwel


Kapseret, Eldoret
25 Oktoba 1987

Kaka Bethwel,

Umeandika "sikulaumu" mwishoni kabisa, baada ya kurasa mbili za kunieleza jinsi nilivyomuua Jackson. Ungelianza nalo.

Nilimtafunia nyama kwa sababu ilikuwa ngumu kwa meno yake ya utoto na mama hakuwepo. Nilimnyoa kwa sababu chawa walikuwa wanamla. Hayo ndiyo mapenzi niliyokuwa nayo, sikuwa na mengine. Wewe ulikuja likizo na viatu.

Nimemweleza Kipngetich yote. Niliogopa sana. Unajua kazi yake, anazunguka mashamba yote hadi Ainabkoi akipandisha ng'ombe mbegu za serikali, na huko watu wanapiga domo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni kama ule ugonjwa wa kutupa mimba, unatoka kwa ng'ombe hadi kwa ndama?" Nikasema nadhani ni hivyo. Akasema, "Basi ng'ombe hana makosa," akaenda kukamua. Bethwel, mimi nimesoma hadi darasa la nne na wewe una digrii, lakini siku hiyo mwenye digrii alikuwa Kipngetich.

Mama mkwe amesikia nusu. Ameninunulia kikombe changu mwenyewe, chenye maua, na kukitundika peke yake kwenye msumari. Anasema ni zawadi.

Kuna jambo hukuniuliza, kwa hiyo sikukwambia. Nina mimba ya miezi mitano. Baada ya Chepkorir nilidhani nimemaliza. Tumbo linaonekana sasa, siwezi kulificha tena kanisani. Umeandika kwamba mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama posta, nikairudia mara tatu.

Huyu nitamfanyaje?

Jepkosgei


Nairobi
12 Desemba 1987

Jepkosgei,

Kikombe kile kirudishe rafuni na vikombe vya watu. Ugonjwa huu haupiti kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono. Unapita kwa damu. Mwambie mama mkwe wako nimesema hivyo, na akitaka ubishi aniandikie, nitafurahi.

Sasa sikiliza. Chanjo ipo. Ipo! Imekuwapo karibu miaka sita. Mtoto hudungwa siku anayozaliwa, tena baada ya mwezi, tena baada ya miezi sita, na wengi kati ya watoto hao kijidudu hakiwagusi tena maisha yao yote. Huko Ulaya wanaitumia, kwetu haimo katika chanjo za kliniki. Nilimuuliza afisa mmoja wa wizara, ana kwa ana, mbona haimo. Akaniambia, "Mwalimu, hilo si tatizo la kwetu." Si tatizo la kwetu! Nilimwambia nina kaburi moja na damu mbili kwenye maabara, aje anionyeshe ni tatizo la nani. Akaniuliza kama nina kadi ya chama. Nakuapia hivyo ndivyo alivyoniuliza. Ukitaka kununua uwanja uwe na kadi, ukitaka mtoto asife uwe na kadi. Nimeandika barua kwa mhariri mara mbili na mara mbili wameichapa ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Nitaandika ya tatu. Siku moja watu watauliza hawa wakubwa walikuwa wanafanya nini wakati watoto wa nchi nzima wanarithishana kifo kwa wembe, na jibu litakuwa kwamba walikuwa wanapokea maua uwanjani.

Kiarie ameniagizia chupa tatu kutoka kwa rafiki yake ng'ambo. Zitafika Januari. Nitamkabidhi Walubengo, mpishi wa behewa la chakula kwenye treni, ni mtu wangu, atazibeba ndani ya thamosi na kuibadilishia barafu njiani. Kipngetich ampokee stesheni ya Eldoret. Zikae kwenye baridi kali wakati wote. Zikipata joto zimekufa.

Karatasi imekwisha na posta inafungwa. Unyonyeshe bila hofu, hilo pia ni la daktari.

Bethwel


Kapseret
24 Januari 1988

Kwa Shemeji Bethwel,

Salamu za nyumba nzima. Mimi si mwandishi kama nyinyi wa ukoo ule, lakini Jepkosgei amenishika shati anasema niandike mwenyewe ili ulale usingizi.

Chupa tatu zimefika salama. Walubengo alinikabidhi thamosi kama mtu anayekabidhi mtoto, barafu bado inagongana ndani. Nikaenda nazo moja kwa moja hospitali ya uzazi hapa mjini ili wazitunze. Sista mkubwa alikataa. Akasema friji yao si ya dawa za watu binafsi, na tena hiyo dawa haijui.

Shemeji, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Baridi ni kazi yangu. Mbegu za fahali nazibeba kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi ya kukata kidole, miaka kumi na nne sasa, na sijaharibu hata moja. Pale ofisi ya mifugo tuna friza kubwa ambamo hukaa chanjo ya sotoka ya ng'ombe. Inakaa humo mwaka mzima, imeganda kabisa, na ikitoka inafanya kazi kama mpya. Nimeziweka chupa za mtoto chini kabisa, mahali baridi inapozidi. Nilizichungulia jana. Ngumu kama kokoto! Hazijaona joto hata dakika moja. Ufunguo ninao mimi.

Siku ikifika nitazitoa moja moja. Huyu mtoto tutamlinda, wewe kwa kalamu na mimi kwa friza.

Shemeji yako,
Kipngetich


Kapseret
6 Machi 1988

Kaka,

Ni msichana. Alizaliwa alfajiri ya Jumamosi tarehe ishirini na saba, jina lake Chepkoech. Ana nywele nyingi na hasira zako.

Kipngetich alikuja na chupa ameibana kwapani iyeyuke, anatembea kama mgonjwa wa mkono. Sista mmoja kijana, Nasike, alikubali kumdunga kwa siri baada ya mkubwa wake kutoka. Ndani ya dawa kulikuwa na vipande vyeupe vyeupe vimekaa chini, kama maziwa yaliyokatika. Nasike aliitikisa sana, havikuisha vyote, akasema labda ndivyo ilivyo dawa ya ng'ambo. Mtoto alilia kidogo tu.

Nilipomwona amelala baada ya sindano, kaka, nililia mimi. Chepkorir sikuweza kumfanyia kitu. Jackson sikuweza. Huyu nimeweza.

Chepkorir hamwachi. Akitoka shule anatupa mkoba mlangoni na kumbeba. Mwanzoni nilikuwa namwambia, ngoja, una vidonda miguuni, funga kwanza. Sasa simwambii tena. Nimechoka kumwangalia mwanangu kama mbwa wa kichaa, na mdogo wake amechanjwa.

Kikombe bado kipo kwenye msumari. Nakinywea chai. Kina maua mazuri.

Dada yako,
Jepkosgei


Nairobi
23 Machi 1988

Jepkosgei na Kipngetich,

Hongereni! Karibu Chepkoech, mtoto wa kwanza wa ukoo wetu aliyepita mlango wa nyuma wakati kifo kinamngoja mlango wa mbele! Nimewasomea walimu wenzangu barua zenu ofisini. Kipngetich, ile ya kalamu na friza ilichekesha watu hadi kengele ikalia.

Lakini mmeniudhi kwa jambo moja. Hamjaniambia mlivyopiga kura za uteuzi wa chama mwezi uliopita. Hapa tulipangwa mstari mchana peupe nyuma ya picha za wagombea, kama watoto wanaongoja maziwa. Mstari mfupi ukashinda mrefu. Nilihesabu mwenyewe, nikamwambia msimamizi, "Bwana, hata macho yangu mnataka yajiunge na chama?" Wenzangu walinivuta koti. Mwalimu mkuu sasa hanisalimii.

Nitaandika makala juu ya Chepkoech. Bila jina, usiogope. Nitawauliza: kama mpandishaji ng'ombe wa Kapseret ameweza kutunza chanjo, wizara nzima imeshindwa na nini?

Msisahau sindano ya baada ya mwezi na ya baada ya miezi sita.

Bethwel


Kapseret
11 Septemba 1988

Kaka,

Sindano ya tatu imemalizika. Chepkoech anatambaa, anakula udongo. Chepkorir amekuwa wa tatu darasani. Mvua imeharibu mahindi upande wa chini.

Makala yako tuliiona. Kipngetich ameikata gazetini na kuibandika ukutani ofisini kwao. Kila anayekuja kuandikisha ng'ombe anasomeshwa.

Jepkosgei


Nairobi
29 Aprili 1989

Jepkosgei,

Hii ni barua ya tatu tangu Krismasi. Je, posta imekula mbili, au kuna watu wanaonisomea barua kabla yenu? Kama ni hao, nawasalimu, na naomba wakimaliza waifunge vizuri.

Kiarie anasema mtoto akishatimiza mwaka apimwe, ili tuandike kwa uhakika kwamba chanjo ilifanya kazi. Mwanzoni mwa Juni nimealikwa kuzungumza mbele ya chama cha walimu, na ninataka kusema: huyu hapa, mmoja, damu yake safi. Wakati mwingine mtoto mmoja anatosha kuwaaibisha wakubwa mia.

Mpelekeni apimwe. Na unijibu, hata mstari mmoja.

Bethwel


Kapseret
3 Juni 1989

Kaka Bethwel,

Posta haijala kitu. Barua zako zote ninazo, chini ya godoro.

Nilimpeleka Chepkoech mwezi wa Februari kabla hujaniambia, kwa sababu nilitaka kukuandikia habari njema siku yake ya kutimiza mwaka. Damu ilitumwa Nairobi ikarudi mwezi wa Machi. Anacho. Nikaomba irudiwe. Anacho.

Daktari wa hapa ni kijana mpole. Aliuliza dawa ilitoka wapi, nani aliibeba, ilikaa wapi. Nilimjibu kila kitu kwa fahari, nikamweleza friza, nikamwambia hata mahali ilipokaa, chini kabisa. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, chanjo hii ikipata joto kidogo inaweza kuvumilia. Ikiganda, imekufa. Mlimdunga maji." Kisha akaniuliza kama vilionekana vipande vyeupe.

Nikamwuliza, kwa hiyo alikipata kwangu siku ya kuzaliwa? Akasema huenda. Au baadaye kwa dada yake, kwa vile vidonda na kubebana. Akasema hakuna kipimo cha kuonyesha ni nani. Nimeamua ni mimi. Ukiandika popote, uandike ni mama. Chepkorir ana miaka kumi na mitatu, anamchana mdogo wake nywele kila asubuhi. Sitamruhusu mtu amwambie neno lingine.

Kipngetich hajui. Hajui matokeo, hajui habari ya kuganda. Nimemwambia damu bado iko Nairobi. Makala yako bado iko ukutani kwake. Jana nilimsikia akimwambia mzee mmoja pale kwenye josho la ng'ombe, "Wangu amechanjwa ya kizungu, nimeitunza mwenyewe." Nitamwambiaje mtu kama huyo? Na wewe usimwambie.

Nina swali moja, na ujibu hilo tu. Daktari wako hakujua kwamba haigandishwi?

Jepkosgei


Nairobi
9 Juni 1989

Jepkosgei,

Alijua. Aliniambia mambo mawili: isipate joto, na isigande. Alirudia la pili mara mbili na kunifanya niseme nimesikia.

Nimetafuta shajara yangu ya mwaka ule. Nimeyaandika yote mawili, moja chini ya jingine. Kwenye barua yenu nikaandika la kwanza. Nilikuwa nimetumia karatasi yote kumtukana afisa wa wizara, ikabaki nafasi ya mistari mitatu, na posta ilikuwa inafungwa. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine siku nne, haipo.

Na si hilo tu. Barua ya Kipngetich ya Januari ninayo hapa mezani. "Ngumu kama kokoto." Barua yako ya Machi, "vipande vyeupe vyeupe." Niliwasomea watu kwa sauti, wakacheka. Mimi nikisoma barua hutafuta mahali pa kujibu. Hapakuwa na mtu wa kubishana naye katika sentensi hizo, nikazipita. Ningezisoma kama mtu anavyosoma, chupa nyingine zingepatikana. Wakati ulikuwapo.

Mkutano wa walimu sikwenda.

Bethwel


Kapseret
18 Juni 1989

Shemeji,

Nakuandikia bila Jepkosgei kujua, na nakuomba usimwambie.

Mwezi wa Novemba tulipelekwa mafunzo Naivasha, sisi wa mifugo. Mwalimu akatuonyesha chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Akachukua chupa mbili, moja ilikuwa imegandishwa, akazitikisa mbele yetu. Iliyoganda ilikuwa na vipande vyeupe vilivyozama chini. Akasema, "Hii mkimdunga ng'ombe, mmemdunga uongo. Sotoka inagandishwa, hii haigandishwi. Msifanye chanjo zote ndugu." Wenzangu wakaandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Nimekaa na jambo hili miezi saba. Jepkosgei ananiambia damu bado iko Nairobi. Kila wiki namuuliza, nikiomba isirudi. Nikimwona anamnyonyesha mtoto na kuimba, nasema moyoni, mwache aimbe. Makala yako siwezi kuibandua ukutani, wataniuliza kwa nini. Ikabidi niendelee kujisifu kama zamani ili wasishtuke.

Wewe unajua madaktari. Nisaidie. Je, tukimdunga tena sasa itasaidia? Friza sitaikaribia. Nitakaa na chupa mkononi usiku na mchana ikibidi.

Niliua dawa ya mwanangu kwa mkono huu, na mkono ulikuwa unajivuna.

Kipngetich


Nairobi
2 Julai 1989

Kipngetich na Jepkosgei,

Barua hii ni yenu wawili. Isomeni mkiwa pamoja.

Kipngetich: damu ilirudi Machi. Chepkoech anacho. Sindano nyingine haitasaidia, nimemuuliza Kiarie. Apimwe ini kila mwaka, yeye na dada yake na mama yake. Wengi huishi nacho hadi uzeeni. Wengine hapana.

Jepkosgei: mume wako anajua habari ya kuganda tangu Novemba. Alinyamaza ili uendelee kuimba.

Daktari alinionya isigande. Sikuwaandikia. Mlinieleza imeganda, sikusoma. Kipngetich alifanya kazi yake kama alivyoijua, na hakuna aliyemwambia vingine, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Kila mmoja wenu ameniomba nimfiche mwenzake. Nimekataa.

Bethwel


Kapseret
30 Julai 1989

Kaka,

Kipngetich alikuja na barua yako bado imefungwa, akaiweka mezani, tukaifungua pamoja. Alisoma yeye. Alipofika kwenye jina langu aliacha kusoma kwa sauti, akanisogezea nimalizie.

Mama mkwe akaingia, akatuangalia, akatoka na kutufungia mlango. Kipngetich akasema, "Kumbe ulikuwa unaimba huku unajua." Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa unaniuliza huku unajua." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Halafu akalia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake. Sikumwambia anyamaze.

Amebandua makala. Walipomuuliza, aliwaambia ukweli wote, mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni. Wengine wameacha kumwita mashambani kwao, wanasema mtu aliyekosea mtoto atakosea ng'ombe. Wengine wamekuja na wake zao kuuliza mahali pa kupimwa. Mke wa Gathogo, yule mwenye duka, ana mimba ya miezi saba, naye amekutwa nacho. Mtafutie chupa. Safari hii Kipngetich ameenda mwenyewe kumwomba padri nafasi kwenye friji ya misheni, na ameandika kwenye kadi: ISIGANDE. Kabla ya kuitundika alinipa nisome, kisha akampa Chepkorir asome, kisha mama mkwe, ambaye hajui kusoma.

Umeniuliza kwenye barua uliyonitumia peke yangu kama nimekusamehe. Siku nyingine ninaamka nimesamehe, hadi saa nne hivi. Usiniulize tena.

Lakini kuna kazi nakupa. Chepkoech akifika miaka kumi na minne atahitaji kuambiwa. Mimi nikimwambia nitasema kosa ni langu. Kipngetich atasema ni lake. Chepkorir atakuwa mwanamke mzima, atakaa pale anatuangalia na kuanza kujihesabia. Mtoto atabaki anawabembeleza watu wazima badala ya kulilia ini lake. Sitaki.

Utakuja wewe. Utaketi mbele yake, utamwambia ana nini, kilimfikaje, na sentensi ambayo hukuiandika. Serikali usiitaje siku hiyo, hata kama bado wapo. Akiuliza kama atakufa kama mjomba wake Jackson, utamjibu, hutabadilisha mazungumzo. Akinyamaza, utanyamaza.

Useme kwa maneno machache. Una miaka kumi na miwili na nusu ya kuyapunguza.

Dada yako,
Jepkosgei